Weka Kidole kwenye Mstari, Sikiliza Hodi

Msimu wa kahawa uliopita nilipitisha kiraka kilichompunja mkulima nusu ya gunia. Hakuna aliyeiba. Gunia la kilo 61.4 lilipandishwa kwenye mizani, kioo kikaandika 31.6, mama mwenye kahawa akatazama kioo, akatazama gunia, kisha akamwuliza karani kama anamwona mtoto. Mizani ile ilikuwa ya kujitengenezea, kazi ya vijana wa huku huku Songwe. Kompyuta yake ndogo inaendeshwa na Linux, na draiva ya kipimo ilikuwa imebadilishwa wiki mbili nyuma. Zamani draiva ilikuwa inakiuliza kipimo kila mara, "Umemaliza? Umemaliza?" Kiraka kipya kiliigeuza kazi: kipimo chenyewe kikiwa tayari kinabisha hodi, draiva inakwenda kusoma. Aliyekisoma kiraka hicho na kuweka jina lake chini kwamba amekipitia ni mimi.

Nimerudi kwenye kiraka kile mara nyingi tangu siku hiyo, na ninachotaka kukupa hapa ni namna ya kukagua ninayoifuata sasa. Huenda wewe ni kijana wa Vwawa au Tunduma uliyeanza kuchezea kerneli, au ni fundi wa siku nyingi ambaye mwenzako amekuletea mistari 60 na kukuambia, "Nipitilizie hii, ni ndogo tu." Viraka vya hodi ni vidogo sikuzote. Ndiyo hatari yake.

Hodi hiyo vitabu vinaiita mkatizo. Prosesa ina shughuli zake, waya fulani unabadilisha volti, prosesa inaacha jambo katikati ya sentensi, inakimbilia mlangoni, inamsikiliza aliyekuja, kisha inarudi pale pale ilipoachia kana kwamba hakuna kilichotokea. (Nikisema prosesa nisieleweke vibaya. Huku Mbozi ukitaja CPU, mkulima anafikiria mtambo wa kumenya na kuosha kahawa, na hakosei.) Mtu aliyekulia Uswahilini hahitaji kuelezwa zaidi. Hodi haina ratiba. Inakukuta unakula, inakukuta unaoga, inakukuta umetandaza pesa kitandani unahesabu. Aliyezoea kuishi peke yake porini hana sababu ya kuzificha pesa. Mwenye mlango wa barabarani anazo sababu zote.

Kwa hiyo msimbo wa namna hii hausomwi kama barua, toka juu kushuka chini. Unaweka kidole kwenye mstari mmoja na kuuliza: hodi ikigongwa sasa hivi, kidole kikiwa hapa, itakuta nini? Ukiridhika, shuka mstari mmoja, uliza tena. Ni kazi ya kuchosha na inakula jioni nzima. Mimi niliisoma ile ya mizani kama barua, nikaona mwandiko mzuri, nikasaini.

Kabla ya kidole kugusa msimbo, lakini, itisha karatasi ya maelezo ya chipu. Usikubali kukagua bila hiyo. Unataka kujua mambo mawili: ni nani anaugusa waya wa hodi, na wakati gani. Ngoja nikuonyeshe kwa mizani yetu, kwa sababu kosa lote lilikuwa hapo na karatasi ilikuwa imelitaja waziwazi.

Chipu ni HX711, ile ya bei ya chee inayokutwa kwenye mizani nyingi za kujitengenezea. Inachukua badiliko dogo sana la volti kutoka kwenye vipima-mzigo vilivyo chini ya jukwaa na kuligeuza kuwa namba ya biti 24, mara 10 kwa sekunde, au 80 ukipenda. Inaongea kwa waya mbili tu. Wa kwanza ni wa data: ukiwa juu, chipu bado inapima, ukishuka, namba iko tayari. Wa pili ni wa saa, unaoupandisha na kuushusha wewe, na kila mpigo unatoa biti moja kwenye ule waya wa data. Mipigo 24 inatoa namba yote, wa 25 unaurudisha waya juu.

Kiraka kilisema: waya wa data ukishuka, hiyo ni hodi, uamshe uzi, yaani kazi ya pembeni inayosubiri kuamshwa, ukasome. Kifupi, kimepangika, kinaeleweka na mtoto. Sasa weka kidole kwenye mstari unaosoma biti. Biti zinapita wapi? Kwenye waya ule ule. Kila mahali ambapo 1 inafuatwa na 0, waya unashuka. Yaani tukiwa katikati ya kumsikiliza mgeni, maneno yake mwenyewe yanagonga mlango, na sisi tunadhani kuna mgeni mwingine nje. Kerneli haizitupi hodi hizo. Inaandika pembeni kwamba kuna kazi imebaki, na uzi ukimaliza kusoma unaambiwa usome tena. Safari hii chipu haina kitu, waya uko juu, kila mpigo unaleta 1. Biti 24 zikiwa 1 zote, kwa hesabu ya namba zenye chanya na hasi, ni hasi 1.

Utauliza kwa nini hatukuiona mezani. Mizani ya majaribio ikiwa tupu ilikuwa inatoa namba kubwa chanya. Ukiiondoa namba hiyo kwenye hasi 1 unapata uzito hasi, na programu ya juu ilikuwa na sheria ya busara kabisa: uzito hasi hauwezekani, utupwe. Mzimu ulikuwa unazaliwa mara 10 kwa sekunde na kuzikwa kimyakimya. Mizani iliyokwenda kwa wakulima ilifungwa vipima-mzigo vingine, na tupu yake ilikuwa chini ya sifuri. Huko hasi 1 ikageuka kuwa kilo 1.8, uzito halali, ukaingia kwenye wastani pamoja na wenzake. Kila somo la kweli lilifuatana na mzimu mmoja. Jumlisha 61.4 na 1.8, gawa kwa 2, utaupata uzito ambao mama yule alisomewa.

Dawa yake ni mistari 2. Uzi ukiamka, kwanza uuangalie waya: uko chini kweli? Kama uko juu, hodi ni ya uongo, rudi ulale. Wengine watakuambia funga hodi wakati wa kusoma, na ni wazo jema, ila lina mitego ya kuangaliwa. Ukiita disable_irq ndani ya mpokea hodi, yaani msimbo ule ule unaoitikia hodi, fanksheni hiyo inasubiri wapokeaji wote wamalize kabla haijarudi, na yeye ni mmoja wao. Atajisubiri mpaka asubuhi. Inatakiwa disable_irq_nosync. Tena Linux ni mvivu wa kufunga, kwa makusudi: ukiiambia funga, inaweka alama tu kwamba pamefungwa, mshuko ukija inaukumbuka, na ukifungua inakuletea. Ipo alama ya kuiambia ifunge kweli, IRQ_DISABLE_UNLAZY, na hata ukiiweka baadhi ya vidhibiti vya pini vinaukumbuka mshuko vyenyewe. Kwa hiyo lile swali la kuuangalia waya libaki, hata ufunge vipi.

Karatasi hiyo hiyo inasema kwamba waya wa saa ukibaki juu zaidi ya mikrosekunde 60, chipu inazimika. Weka kidole kati ya mstari unaoupandisha waya na ule unaoushusha. Hodi ya kadi ya mtandao ikigongwa hapo? Prosesa inakwenda mlangoni, inarudi, kipimo kimelala. Mistari hiyo inatakiwa ikae mahali ambapo hodi hazisikiki kwa muda ule mfupi, na uwe mfupi kweli. Biti 24 zote kwa mkupuo ukiwa umeziba masikio ni ulafi. Ziba kwa mpigo mmoja, zibua, endelea.

Na kabla ya yote hayo nilipaswa kuuliza swali la kishamba: je, kifaa kinachosema mara 10 kwa sekunde kinahitaji hodi kweli? Prosesa ikilala milisekunde 10, ikaamka ikachungulia waya, ikalala tena, hakuna kahawa itakayochelewa. Kijana aliyekiandika kiraka alikuwa na sababu, mizani ilikuwa ya kutumia betri na alitaka prosesa ipumzike. Sababu nzuri. Lakini haikuwa imeandikwa kwenye maelezo ya kiraka, na kiraka ambacho maelezo yake yanasema "kuongeza hodi" bila kusema kwa ajili ya nini, kirudishe kabla hujafungua msimbo.

Sasa tuje mpakani. Ukiishi Tunduma huhitaji mtu akueleze kwa nini mpokea hodi anatakiwa awe mwepesi. Kabla ya kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kuzinduliwa mwaka 2019, dereva alisimamishwa upande wetu, akavuka, akasimamishwa tena upande wa Zambia. Na hata leo, siku mambo yakikwama getini, foleni ya malori inarudi nyuma kuelekea Mpemba, na anayeumia si mwenye shaba ya Kongo peke yake. Ni bodaboda, ni mgonjwa, ni muuza nyanya. Mkagua mzigo hafungui kontena kwenye kizuizi. Anapokea karatasi, analielekeza lori yadi, ukaguzi unafanyika huko bila kumzibia mtu njia.

Mpokea hodi wa kerneli yuko kwenye kizuizi. Wakati anashughulika, prosesa hiyo haifanyi lingine. Kazi yake ni kumtambua aliyekuja, kuchukua kile kitakachopotea kisipochukuliwa sasa, kuita uzi, kuondoka. Yadi ni ule uzi. Tangu toleo 2.6.30 la mwaka 2009, Linux ina request_threaded_irq, inayokuruhusu kutaja vyote viwili kwa mkupuo mmoja, mtu wa kizuizini na mtu wa yadini. Usipomtaja wa kizuizini, weka IRQF_ONESHOT, hodi ibaki imefungwa mpaka uzi umalize. Kwa kawaida kerneli yenyewe itakukatalia usipoweka.

Kwenye kizuizi hairuhusiwi kulala, na usingizi katika kerneli una majina ya kupotosha. Kila mtu anaitambua msleep. Wachache wanatambua kwamba kuomba kumbukumbu kwa GFP_KERNEL kunaweza kulaza, kwamba kufuli la mutex linalaza, kwamba kuongea na chipu kwa njia ya I2C kunalaza. Fanksheni inaitwa soma_hali, ndani yake inaita nyingine, ndani ya hiyo inaita nyingine, na ya nne ndiyo inayosubiri basi la I2C. Mkaguzi mvivu anasoma ya kwanza. Fuata mnyororo wote, fungua faili baada ya faili, mpaka ufike kwenye rejista yenyewe. Nimewahi kukuta usingizi ngazi ya tano.

Kipo kisa kimoja ninachokitumia kumpima mtu kama ameshika dhana ya kidole. Kifaa kina rejista ya hali inayosema "kuna data". Mpokea hodi anasoma data zote, kisha anaifuta rejista ya hali. Mistari 2, mtiririko wa kawaida, fanya kazi halafu futa ubao. Weka kidole katikati yake. Data mpya ikifika hapo, baada ya kumaliza kusoma na kabla ya kufuta? Rejista inaonyesha tena "kuna data", mstari unaofuata unaifuta, na kama hodi ya kifaa hicho ni ya mshuko, haitagongwa mara ya pili. Data imekaa ndani, mlango kimya, draiva inasubiri. Ukivigeuza, ukafuta kwanza halafu ukasoma, hasara kubwa unayoweza kupata ni hodi moja ya bure. Hitilafu ya namna hiyo hutaiona kwa wiki nzima mezani. Kidole kinaiona kwa dakika.

Hapo utatofautisha pia hodi za aina mbili. Ya mshuko, au ya mpando, ni mtu anayegonga mara moja kisha anasimama kimya, usiposikia, basi. Ya kiwango ni mtu anayegonga bila kuacha mpaka umfungulie. Draiva iliyoandikwa kwa aina moja na kusajiliwa kwa nyingine itapoteza hodi au itagongewa mpaka kompyuta izimie. Aina hiyo kwa kawaida inatajwa kwenye faili la maelezo ya bodi, na kiraka kinachoitaja tena kwa nguvu ndani ya draiva kiulizwe kwa nini.

Hodi za kuchangia nitazieleza kwa nyumba ya kupanga. Geti moja, wapangaji watano, anayegonga hasemi anamtaka nani. Kila mpangaji anatoka, anachungulia. Kama mgeni si wake anasema IRQ_NONE na kurudi ndani. Kama ni wake anamkaribisha na kusema IRQ_HANDLED. Ustaarabu wote wa nyumba unategemea ukweli huo. Kuna viraka, tena vingi, ambavyo mpokeaji anajibu IRQ_HANDLED kila mara bila kuangalia chochote, "kwa usalama". Si usalama. Kerneli inahesabu: katika kila hodi 100,000, zikizidi 99,900 ambazo hakuna aliyezikubali, inaandika kwenye logi "nobody cared" na kuufunga waya huo. Ni ulinzi dhidi ya kifaa kilichoharibika kinachogonga bila kukoma. Mpangaji anayedai kila mgeni ni wake anaufisha ulinzi huo, na kompyuta inazama kwenye hodi bila logi kuandika neno.

Anayejibu kwa ukweli naye ana mtego. Anasoma rejista ya hali, anaona biti zake zimewaka, anasema mgeni ni wangu. Lakini kifaa cha PCI kikichomolewa, au kikipoteza umeme, ukisoma rejista zake unapata 1 tupu, biti zote. Mpokeaji anaziona biti zake zote zimewaka na kuanza kumkaribisha mgeni asiyekuwepo. Mzimu wa mizani yetu kwa sura nyingine. Namba iliyojaa 1 kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwenye rejista yoyote, ichukulie kwanza kuwa ni ukimya wa kifaa. Draiva ithibitishe vinginevyo.

Makufuli. Hapa ndipo viraka vingi vinapogandisha mashine, na mfano wake ni huu. Mtu yuko chumbani, amefunga kwa ndani kwa sababu anahesabu pesa. Hodi inagongwa. Kwa kuwa hodi haina subira, anajikuta sebuleni na chumba bado kimefungwa. Mgeni anaomba kitu kilichomo chumbani. Yeye anasimama mbele ya mlango wa chumba akimsubiri aliyejifungia atoke. Aliyejifungia ni yeye. Prosesa inafanya hivyo hivyo, inazunguka milele, na wewe unachoona ni kioo kilichoganda. Kila data inayoguswa na mpokea hodi na pia na msimbo wa kawaida, huo msimbo wa kawaida uchukue kufuli kwa spin_lock_irqsave, yaani uzibe masikio kwanza halafu ndiyo ufunge mlango. Usiulize tu "kufuli lipo?" Uliza kila mahali linapochukuliwa, pote, ukitafuta kwa jina lake kwenye faili zima, kwa sababu kiraka kinakuonyesha mistari iliyobadilika tu. Mahali pa nne, pasipobadilishwa na mtu tangu miaka 6 iliyopita, ndipo spin_lock ya kawaida imejificha. Ilikuwa sahihi mpaka kiraka hiki kilipoleta hodi.

Kuingia na kutoka kwa draiva napitia haraka, si kwa kuwa ni jambo dogo, ila makosa yake yanafanana. Kuingia: hodi inasajiliwa juu, kufuli linaandaliwa chini. Kidole kati yake. Kifaa kilichoachwa kikiwa macho tangu kompyuta inawaka kinaweza kugonga papo hapo, sekunde ile ile ya kusajiliwa, na kukuta nyumba haina hata mkeka. Usajili wa hodi uje mwisho, au kifaa kinyamazishwe kwanza. Kutoka: jamaa wa fanksheni za devm ni watumishi wazuri, wanafanya usafi wenyewe, lakini wanaufanya baada ya fanksheni ya kuondoka kumaliza. Kama ndani ya fanksheni hiyo umezima umeme wa kifaa, kuna kitambo ambacho hodi bado imesajiliwa na kifaa hakina uhai. Mtu anagonga nyumba iliyohamwa, na ndani kuna mtu bado anaitika. Nyamazisha kifaa, achia hodi, futa kazi zilizopangwa, halafu ndiyo uzime umeme.

Majaribio. "Inafanya kazi kwenye laptopu yangu" nilishaikubali mara moja, unajua ilinifikisha wapi. Mwambie mwenye kiraka akompaili kerneli yenye PROVE_LOCKING, inayomkamata mtu wa chumbani kabla hajakwama; DEBUG_ATOMIC_SLEEP, inayompigia kelele anayelala kizuizini; na DEBUG_SHIRQ, ambayo kwa utundu wake inagonga hodi ya uongo pale draiva yenye hodi ya kuchangia inapoondoka, ione kama itashituka. Draiva iingizwe na kutolewa mara mia kadhaa huku kifaa kikifanya kazi. Kisha alisome faili la /proc/interrupts. Hilo faili halina urembo, safu za namba tu, moja kwa kila hodi, na ndilo lililokuwa na jibu letu muda wote: chipu ya mara 10 kwa sekunde, namba yake ikipanda kwa 30 na 40. Hakuna aliyelifungua. Mimi pia sikumwomba mtu alifungue.

Kuhusu kusema na mwenye kiraka. Aliyeandika kile cha mizani ni kijana ambaye bado ananiamkia shikamoo hata kwenye ujumbe wa simu, na mtu wa namna hiyo ukimwandikia "badilisha hapa" atabadilisha hata kama umekosea. Kwa hiyo simwambii abadilishe. Namwuliza: "Hodi ikigongwa baada ya mstari wa 41, kufuli liko mkononi mwa nani?" Akijibu vizuri, huenda ni mimi niliyekuwa sijaona. Asipojibu, ameliona mwenyewe, na halitajirudia kwenye kiraka kijacho. Na ukiweka jina lako kwamba umekipitia, maana yake umefanya hivyo kwa kila mstari. Kama ulichofanya ni kukijaribu tu, andika kwamba umekijaribu. Kama umesoma nusu kwa sababu umeme ulikatika, andika umesoma nusu. Watu wa mizani wangeokoka kwa sentensi hiyo moja.

Wiki iliyopita alinifuata Vwawa na toleo la tatu. Tulikaa nyuma ya duka la pembejeo, mizani chini, laptopu juu ya kreti la soda. Sikusoma. Nilimpa kalamu yangu ya risasi, nikamwambia ashuke nayo mstari kwa mstari na kunisimulia. Alipofika kwenye uzi alisema, "Hapa hodi imefungwa kweli, na ikipenya, inakuta waya uko juu, inaondoka." Alipofika kwenye mpigo wa saa alisema, "Hapa haiwezi kuja." Kwenye fanksheni ya kuondoka alinyamaza muda mrefu, akairudisha kalamu juu mistari minne, akanitazama, kisha akahamisha mstari mmoja bila mimi kusema kitu.

Tukapandisha gunia. 58.9, ikatulia. Kwenye /proc/interrupts namba ikapanda kwa 10, ikapanda tena kwa 10. Akauliza kama sasa anaweza kuliandika jina langu. Nikamwambia anipe mpaka kesho, bado sijamchomolea waya.